Kabla Hatujabomoa Maduka ya Biharamulo na Ngara

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeweka mpaka wa miaka. Jengo lililosimama kabla ya mwaka 1863 linalindwa na sheria yenyewe, pasipo mtu kuomba. Lililojengwa baada ya hapo halina ulinzi huo mpaka waziri mwenye dhamana aridhie na tangazo litoke katika Gazeti la Serikali. Kilwa na Kaole wana vya kuonyesha ndani ya mpaka huo. Sisi wa Biharamulo na Ngara hatuna hata tofali moja. Mwaka ule huku kulikuwa na misonge ya nyasi, njia za misafara na watawala waliotoza hongo njiani. Nyumba za tofali na bati zilikuja baadaye sana, na zilipokuja zilikuwa za namna tatu: za serikali, za dini na za biashara.

Za serikali zina mwenyewe. Boma la Wajerumani la Biharamulo, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, linajulikana, linapigwa picha, limeandikwa katika vitabu vya wasafiri na limewahi kutumika kama nyumba ya kulala wageni. Za dini nazo zina wenyewe. Wakatoliki wa Rulenge na Waanglikana wa Murgwanza wanajua jengo gani lilijengwa lini na padri au mchungaji gani alikuwepo. Za biashara zina mwenye kiwanja, mpangaji na dalali tu. Siku mwenye kiwanja akipata fedha za kujenga fremu kumi, duka la miaka themanini linashushwa wiki moja, mbao zinauzwa, matofali yanajazwa kwenye msingi mpya, na hakuna ofisi yoyote inayoandika kwamba jengo lile lilikuwepo.

Naandika kulitetea duka hilo. Nasema kwamba kwa anayetaka kujua watu wa wilaya hizi mbili waliishije katika karne iliyopita, duka la zamani lina habari nyingi kuliko boma. Na nasema kwamba halmashauri zetu hazihitaji kumsubiri waziri ili kuliokoa.

Biashara ilikuwepo hapa kabla ya duka. Mwishoni mwa mwaka 1861, John Hanning Speke na James Grant walikwama Rusubi, nchi ambayo misafara iliita Usui, wakimlipa mtawala wake Suwarora hongo ya vitambaa, shanga na nyaya kabla ya kuruhusiwa kuendelea Karagwe kwa Rumanyika. Wazungu hao hawakuwa wa kwanza kupita. Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na makazi Kaze, Tabora ya leo, alikuwa ameshafika Karagwe. Huko huko Karagwe, mahali paitwapo Kafuro, Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao cha biashara, na Henry Morton Stanley aliwakuta mwaka 1876. Pembe za ndovu ziliteremka kwenda Unyanyembe, vitambaa vikapanda. Upande wa kusini mashariki Warongo waliyeyusha chuma na kufua majembe, na jembe lilikuwa mali ya kuolea na mali ya kubadilishana. Kwa hiyo mtu akisema biashara ililetwa hapa na mkoloni, historia inamkatalia. Kilicholetwa ni kaunta, mizani na mlango wenye kufuli.

Na hivyo vilifuata kodi. Jambo hili nataka tulikae kidogo, kwa sababu ndilo linaloliunganisha duka na boma. Boma lilidai sarafu. Mkulima wa Nyakahura au wa Rulenge hakuwa na sarafu. Alikuwa na nta, asali, samli, ngozi za mbuzi, baadaye kahawa. Mahali pa kugeuza nta kuwa rupia palikuwa mbele ya mizani ya mwenye duka. Aliuza, akapata rupia, akazipeleka bomani, na kilichobaki akarudi nacho kwenye kaunta ile ile kununua chumvi na kaniki. Anayehifadhi boma akaliacha duka lianguke amehifadhi risiti na kutupa daftari.

Kaunta hizo ziliona sarafu nyingi. Tangu mwaka 1904 rupia ya Wajerumani ilikuwa na heller 100. Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yalivuka kutoka Rwanda na kuiteka Biharamulo, yakielekea Tabora ambayo iliangukia mikononi mwao Septemba mwaka huo. Waingereza walipoichukua nchi, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki yenye sura ya mfalme, na tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ikatoa shilingi yetu wenyewe. Ngara yalizidi mambo. Bugufi ilikuwa sehemu ya Urundi, kisha mpaka ukachorwa na ikabaki Tanganyika, na mpaka leo katika soko la Kabanga utakuta faranga ya Burundi inahesabiwa pamoja na shilingi. Duka la mpakani ndilo lililokuwa likijua, kabla ya ofisa yeyote, kwamba fedha ya jirani imeshuka.

Mzigo ulifikaje? Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaanza kusambaza bidhaa kando ya ziwa. Reli ya kutoka Tabora iliingia Mwanza mwaka 1928. Kwa Biharamulo bandari ilikuwa Nyamirembe, ambayo leo iko Chato, mkoa wa Geita. Bati lililoezeka duka la zamani la Biharamulo lilitoka ng'ambo kwa meli, likapanda treni, likapanda meli tena, kisha likamalizia safari kwa vichwa vya wapagazi au, baadaye, kwa lori kwenye barabara ya vumbi. Ndiyo maana bati hilo ni nene. Hakuna aliyekuwa tayari kulipa nauli ya namna ile kwa kitu cha kudumu miaka kumi. Fundi wa leo akilipandia anasikia tofauti chini ya mguu wake na haya mabati ya geji 30 tunayonunua sasa.

Umbo la duka lenyewe msomaji analijua, hata kama hajawahi kulitazama kwa makini. Mbele kuna baraza yenye nguzo za mbao au za tofali, imeinuliwa ngazi mbili tatu ili maji ya mvua yasiingie. Milango ni mipana, ya mbao nzito inayokunjwa, na kwa ndani kuna komeo la chuma linalopita mlango mzima. Juu ya milango kuna ukuta mfupi unaoficha paa, na hapo ndipo mwenye nyumba alipoandika jina au mwaka. Ndani kuna kaunta, rafu mpaka darini, nyuma yake stoo isiyo na dirisha, kisha vyumba vya familia, kisha ua wenye jiko na kisima. Familia iliishi nyuma ya biashara yake. Mtoto alizaliwa chumba cha tatu, akajifunza kuhesabu kwenye kaunta.

Na ile baraza. Kwa maoni yangu baraza ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kukatwa fremu mpya zinapojengwa. Fundi cherehani alikaa hapo na Singer yake. Hakuwa mwajiriwa wa mwenye duka, alikuwa mshirika wake: mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nje, akapimwa, akarudi jioni kuchukua. Vijana wa Kihangaza na wa Kisubi waliokwenda Uganda kulima mashamba ya Waganda walirudi na fedha za miezi kadhaa, na kituo chao cha kwanza kabla ya kufika kwa wazazi kilikuwa baraza ya duka: blanketi la mama, suruali ya kaki, na aliyefanikiwa kweli, baiskeli. Barua za waliobaki huko zilisomwa hapo kwa sauti, maana mwenye duka au karani wake alijua kusoma. Mvua ilipowakuta watu sokoni, baraza haikuuliza nani ananunua na nani hanunui.

Hizo fremu za sasa, zilizopangwa mstari mmoja na milango ya chuma inayofunguka moja kwa moja kwenye vumbi la barabara, zinampa mwenye nyumba kodi kila mwezi na sina ugomvi nazo. Lakini hazimpi mpita njia kitu chochote. Bibi aliyetembea kilomita kumi na tano kuleta ndizi mjini hana pa kukaa.

Mara nyingi nikilizungumza jambo hili naambiwa: hayo yalikuwa maduka ya Wahindi na Waarabu, yanatuhusu nini? Swali lina uchungu wa kweli ndani yake na halistahili kupuuzwa. Mwenye duka aliweka bei ya kahawa na bei ya chumvi, zote mbili, na mkulima alipoteza pande zote. Ndiyo maana wakulima wa Bugufi walikuwa miongoni mwa wa mwanzo Tanganyika kuunda ushirika wao wa kahawa, miaka ile ya 1930, wakati Kilimanjaro nako ushirika ulikuwa bado mchanga. Historia hiyo ya kukataa kupunjwa haisomeki bila kuona mizani ilikokuwa. Tena waliofyatua matofali, waliochoma tanuru, waliokata nguzo na kubeba bati ni babu zetu. Duka lilikuwa na jina la mtu mmoja juu ya mlango na mikono ya watu mia ndani ya kuta.

Zaidi ya hayo, jengo hilo halikubaki la mtu mmoja. Limepitia mikono ya nchi nzima. Mwaka 1967 biashara ya jumla iliingia mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa. Aprili 1971 ilitungwa Sheria ya Utwaaji wa Majengo, na majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakachukuliwa na serikali, chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi za Kihindi ziliondoka miji midogo miaka hiyo. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, duka la kijiji lichukue nafasi. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Kisha Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na baada ya vita miaka ya foleni. Sabuni ya mche ilikatwa vipande. Sukari iligawiwa kwa kaya, kwa orodha ya balozi. Mwaka 1983 ilipoanza kampeni ya Edward Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, kuna waliozika bidhaa uani na kuna waliotupa usiku. Kisha ruksa ya Mzee Mwinyi, na mitumba ikatandikwa kwenye baraza zile zile.

Mambo yote hayo mtoto wa sekondari Biharamulo anayasoma kwenye kitabu cha historia kama mambo yaliyotokea Dar es Salaam. Yalitokea pia kwenye jengo analolipita kila asubuhi akienda shule. Mwalimu wake angeweza kumsimamisha mbele ya kaunta akamwambia: foleni ilianzia hapa, ikapinda pale kwenye mwembe. Akiwa na jengo, somo linashikika. Likishabomolewa, anabaki na aya mbili za kukariri.

Kuna mahali pengine ambapo najua wengi hawatakubaliana nami, napo ni Benaco, wilayani Ngara. Wenye kupenda majengo ya kale hawatazami Benaco hata kidogo. Wanaona malori, mighahawa na nyumba za wageni. Jina lenyewe ni la kampuni ya ujenzi ya Kiitaliano iliyokuwa na kambi hapo. Usiku na mchana wa tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, ndani ya saa kama ishirini na nne. Umoja wa Mataifa haukuwa umewahi kuona wakimbizi wengi hivyo wakivuka mpaka kwa muda mfupi hivyo. Kambi ya Benaco ikawa, kwa idadi ya watu, mji mkubwa kuliko mingi nchini, na ndani ya majuma machache ulikuwa na soko. Watanzania wa Ngara waliuza ndizi, kuni na bia. Wakimbizi waliuza mahindi ya mgao, mafuta na turubai. Vinyozi, wauza nyama, wabadilisha fedha. Desemba 1996 watu hao wakarudishwa makwao, na soko likabaki na Watanzania.

Kibanda cha biashara kilichojengwa Benaco mwaka 1994 na bado kimesimama, hata kiwe cha bloku na bati jembamba, kina thamani ya urithi. Si kwa uzuri wake, maana hakina. Ni ushahidi wa tukio la historia ya dunia, na wilaya ya Ngara ilibeba uzito wake kwa misitu yake, maji yake na barabara zake. Tukisubiri kijengo hicho kifikishe miaka mia ndipo tukiheshimu, hakitakuwepo. Nashauri kitafutwe kimoja tu, chenye mwenyewe aliye tayari, kiandikwe na kipigwe picha sasa wakati waliouza na kununua hapo bado wako hai na wana kumbukumbu nzima.

Kwa nini sasa? Kwa sababu fedha zinakuja. Kwa miaka mingi umaskini ndio ulioyalinda maduka ya zamani. Malori ya kwenda Kigali na Bujumbura yanapita Nyakanazi, Lusahunga na Benaco, hayaingii Biharamulo mjini, na kwa hiyo mtu mwenye mtaji alijenga Nyakanazi. Mtaa wa zamani uliachwa. Lakini mradi wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, umekamilika. Nikeli ya Kabanga inazungumzwa kwa uzito tangu serikali iliposaini makubaliano na mwekezaji Januari 2021. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilitangazwa mwaka 2019, na Biharamulo iko mlangoni pake. Viwanja vya katikati ya mji vitapanda bei, na duka la ghorofa sifuri lenye baraza litaonekana ni upotevu wa ardhi. Huko barabarani nako, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipa barabara kuu eneo la hifadhi la mita 60, na majengo ya zamani, ambayo yote yalijengwa yakiipa barabara uso, ndiyo ya kwanza kupigwa alama ya X nyekundu.

Tunaye jirani wa kujifunza kwake. Bukoba lipo jengo la enzi za Wajerumani, Duka Kubwa, linalotajwa kuwa duka kubwa la kwanza la mji ule. Vitabu vya wageni vinalitaja, wageni wanatafuta kulipiga picha, na miaka imepita likizidi kuchakaa. Kulijua jina la jengo hakujalizibia paa. Hata cheo cha juu kabisa hakitoshi: Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Beit el Ajaib likaporomoka upande mmoja siku ya Krismasi ya mwaka 2020 na kuua watu. Jengo linahitaji mtu anayelitumia na anayepanda darini kabla ya masika kuangalia panapovuja.

Upande wa pili tazama Mikindani. Boma la mwaka 1895 lilikuwa gofu. Shirika la hisani la Trade Aid kutoka Uingereza lilikarabati jengo hilo mwishoni mwa miaka ya 1990, likawa hoteli, na vijana wa pale wakafundishwa kazi humo. Tofauti ni matumizi. Boma letu la Biharamulo nalo limebaki kwa sababu watu wamelala ndani yake wakalipa. Na hapa duka lina bahati kuliko boma: halihitaji kubuniwa kazi mpya. Lilijengwa liwe duka na bado linaweza kuwa duka. Litafaa kuwa la dawa, la vifaa vya shule, la wakala wa fedha kwa simu, la kahawa ya Ngara inayokaangwa na kunywewa hapa hapa.

Mwenye nyumba atasema, na ana haki: mimi nina watoto wa kusomesha, urithi haulipi ada. Sitaki sheria inayomfunga mikono mtu mmoja kwa faida ya wote huku wote hawachangii. Halmashauri haiwezi kumsamehe kodi ya majengo, kwa kuwa tangu Julai 2021 inakatwa kwenye umeme kupitia LUKU na inakusanywa na serikali kuu. Lakini ada ya kibali cha ujenzi iko mikononi mwa halmashauri. Anayeahidi kubakiza uso wa mbele na baraza asilipe ada hiyo, na aruhusiwe kujenga nyuma, uani, kwa urefu zaidi ya wengine. Viwanja vya zamani ni virefu kwenda ndani. Fremu zake kumi anaweza kuzipata nyuma ya duka, kwa kupitia lango la pembeni, na baraza ikabaki kuwavuta wateja mbele.

Gharama za ukarabati nazo si kubwa kama zinavyosemwa, ila zinataka fundi mwenye subira. Kosa ninaloliona mara nyingi ni lipu ya saruji juu ya tofali la zamani lililojengwa kwa udongo au chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka chini na kuutoa kupitia lipu ya chokaa. Ukipakwa saruji, unyevu unakosa njia, tofali linaoza kwa ndani, na baada ya masika kadhaa lipu inabanduka na vipande vya ukuta. Mwenye nyumba anasema, unaona, jengo limechoka. Jengo limefungiwa maji. Chokaa inapatikana, na ni rahisi kuliko saruji kwa kazi hiyo. Bati la zamani likiwa na kutu ya juu tu linapakwa rangi, na kenchi zilizoliwa na mchwa hubadilishwa moja moja. Na tetemeko la Septemba 2016, lililobomoa maelfu ya nyumba Kagera, lituongezee agizo moja: kuta ndefu za tofali zifungwe juu kwa mkanda wa zege au mbao kabla ya paa kurudishwa. Anayekarabati bila hilo anahatarisha watu.

Upande wa sheria, mlango upo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaipa mamlaka ya upangaji nafasi ya kulinda majengo yenye umuhimu wa kihistoria au wa usanifu, na halmashauri ya wilaya ndiyo mamlaka hiyo. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 nayo inataka jamii na serikali za mitaa zishiriki katika uhifadhi. Sheria ndogo ya kurasa chache ingetosha: jengo la biashara lililotimiza miaka hamsini lisibomolewe kabla ya siku tisini kupita tangu mwenyewe atoe taarifa, na katika siku hizo afisa utamaduni na afisa mipango miji walipime, walipige picha, na wakae na mwenyewe kuzungumza njia nyingine. Siku tisini zikiisha bila mwafaka, abomoe. Angalau tutakuwa na mchoro, picha na simulizi.

Simulizi ndiyo ya kuharakisha kuliko yote. Mkoa wetu una mfano wa Katuruka, kijiji cha Maruku huko Bukoba Vijijini, ambako chuma kiliyeyushwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba pale miaka ya 1970, lakini miongo mitatu baadaye wanakijiji wenyewe ndio waliosimama kukusanya simulizi za wazee, kwa kuwa UKIMWI ulikuwa umechukua wengi wa waliozijua. Walianza kwa kuuliza na kuandika, majengo yakafuata. Ngara tuna Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na bado inasikika wilaya zote mbili. Kipindi cha nusu saa kwa wiki kinachomwita fundi cherehani mstaafu, karani wa ushirika, mama aliyesimama foleni ya sukari mwaka 1982, mjukuu wa mwenye duka aliyehamia Mwanza, kingetupa katika mwaka mmoja kumbukumbu ambayo haimo katika jalada lolote la serikali.

Kwa hiyo ombi langu kwa madiwani wa Biharamulo na wa Ngara ni dogo na lina tarehe. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai mosi. Kabla ya siku hiyo, kila halmashauri itaje kwa jina mtaa mmoja wa zamani, itenge posho ya maofisa wawili kwa wiki mbili, futi ya kupimia, kamera na daftari, na orodha ya maduka ya mtaa huo, pamoja na majina ya wenyewe na mwaka uliosomeka juu ya mlango, isomwe mbele ya Baraza la Madiwani kwenye kikao cha kwanza kitakachofuata.